Sarafu ya Mchina Kwenye Shingo ya Mpwa Wangu

Naomba radhi mapema kwa mwandiko wangu na kwa herufi nitakazokosea. Nilisoma mpaka darasa la nane tu, na mkono wangu ni mzito. Ukurasa mmoja unanimalizia jioni mbili, na nikifuta sana karatasi inatoboka. Lakini kuongea kwangu ni kubaya zaidi. Mbele ya watu watatu sauti inakwisha kabisa, kwa hiyo nimechagua taabu iliyo ndogo.

Nataka kuandika juu ya sarafu za zamani za Kichina, zile za duara zenye tundu la mraba katikati, na juu ya upuuzi ambao watu wa kwetu wanaambiana kuzihusu. Nina haki ya kuuita upuuzi. Mtoto wa dada yangu alivalishwa moja shingoni akaugua, na sarafu hiyo ilitoka mfukoni mwangu.

Nafanya kazi kwenye yadi ya vyuma kuukuu hapa Migori mjini. Kazi yangu ni kutenganisha. Kinachoshikwa na sumaku ni chuma, nakitupa kwenye lundo kubwa. Kisichoshikwa nakikwaruza kwa tupa: kikiwa chekundu ni shaba, kikiwa cha manjano ni brasi, kikiwa cheupe na chepesi ni alumini. Ni kazi nzuri kwa mtu asiyependa kuongea, kwa sababu bomba halikuulizi unafikiria nini.

Miaka michache iliyopita mama mmoja alileta ndoo ya mabomba mabovu na kufuli zilizokufa. Alikuwa akifua nguo kwenye kambi ya Wachina waliokuwa wakijenga barabara, na walipohama aliokota walichoacha. Chini ya ndoo, katikati ya funguo, kulikuwa na sarafu. Sumaku haikuitaka. Ilikuwa ya rangi kama chai iliyokaa, na kuzunguka lile tundu kulikuwa na maandishi manne, moja juu, moja chini, moja kila upande. Nyuma kulikuwa na mawili mengine yaliyofanana na matawi yenye miiba. Tajiri wa yadi aliiweka kwenye mzani, mshale haukusogea, akaniambia, "Chukua uchafu wako."

Ndivyo nilivyoanza. Nilizipata pole pole: kwenye zipu za mikoba ya mitumba, kwenye mapambo yenye uzi mwekundu, kwa fundi wa saa kule Oyugis aliyekuwa akiitumia kama washa, ile pete ya kukazia skrubu. Zilifika kumi na moja. Nane kati yake ni za juzi tu, zimetengenezwa kiwandani, nyepesi, duara lake ni kamilifu mno na ukizisugua zinanuka rangi. Tatu nilikuwa na hakika ni za zamani za kweli. Ukingo wake umepigwa tupa kwa mkono. Naijua kazi ya tupa. Tundu haliko katikati sawasawa. Maandishi yamelika kwa kushikwa na vidole ambavyo sitavijua kamwe. Jioni nilizipanga juu ya gunia nikaziangalia. Hakuna zaidi ya hapo. Sikuziomba kitu chochote.

Wengine ndio walioziomba. Habari ilipotoka kwamba yule kijana bubu wa yadi ana koini za Mchina, walianza kuja. Kwetu kuna imani ya siku nyingi kwamba sarafu fulani za kale zinavuta mchele. Mtu anamwaga mchele mkavu kwenye sahani, anashika sarafu juu yake, na punje zikisogea basi sarafu ni "hai" na kuna tajiri mahali fulani atakayeinunua kwa bei ya nyumba. Huyo tajiri hajawahi kuonekana na mtu yeyote. Yuko Nairobi kila mara, au ndege yake imechelewa. Nimeona dalali mzima, mwenye tai, akifanya jaribio hilo kwenye hoteli ya chai karibu na stendi. Punje mbili zilisogea. Bila shaka zilisogea. Alikuwa ameinama akizipumulia kama ng'ombe dume. Watu sita waliokuwa wamezunguka meza, na wawili kati yao ni walimu, walishika vichwa.

Kutoka Kehancha alikuja mkulima wa tumbaku mwenye koti la mvua. Alitaka sarafu moja ya kufunga kwenye pembe ya fahali ili wezi wa mifugo wasimwone.

"Wasimwone fahali?" nikamuuliza.

"Wasimwone."

"Na wewe utamwonaje?"

"Mimi ni mwenyewe," akasema, na akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemsamehe mjinga.

Huyo sikumpa. Aliyenishinda ni shemeji yangu, mume wa dada.

Shemeji anachimba dhahabu kwenye mashimo ya upande wa Nyatike, na nyumbani kwao ni Magunga, ambako dada anaishi na mama mkwe wake. Alipita yadini siku moja akielekea nyumbani na chupa ndogo ya dawa ya macho mfukoni. Ndani hakukuwa na dawa ya macho. Kulikuwa na zebaki, yale maji mazito yenye rangi ya fedha ambayo wachimbaji wanaichanganya na mchanga uliosagwa ili ikamate dhahabu.

"Shem, hebu toa hizo koini nione."

Nikazitoa.

"Mbona unazificha kama picha za wasichana?"

"Ni sarafu tu," nikasema.

"Ati sarafu tu! Omera, wewe umelala juu ya godoro la pesa na bado unalalamika mgongo." Wenzangu wa yadi wakacheka. Akaichukua ile ya kwanza kabisa, iliyotoka kwenye ndoo. "Nipe hii nimpelekee kijana wako. Mpwa wako analia usiku sana."

Ulikuwa ni wakati wa kusema hapana. Neno hilo ni fupi, na sikuweza kulitoa.

Kisha akafanya jambo ambalo mchimbaji dhahabu peke yake ndiye angefikiria kulifanya. Alifungua ile chupa, akadondosha tone moja kwenye kiganja, akaisugua sarafu ndani yake kwa kidole gumba. Ile rangi ya chai ikapotea. Sarafu ikawa nyeupe, inang'aa kama kijiko kipya.

"Fedha!" akapiga kelele. "Mmeona? Ndani ni fedha tupu!"

Wote wakaja mbio. Mmoja akasema lakini fedha ingeonekana hata kabla. Shemeji akamnyamazisha. "Zebaki inashika nini? Inashika dhahabu. Mchanga inauacha, jiwe inaliacha, inachagua dhahabu. Sasa imeichagua hii. Zebaki haidanganyi, bwana."

Hiyo ndiyo elimu yao. Zebaki inashika brasi pia. Nilikwishaona, kwa macho yangu, mchimbaji mwingine alipomwaga kidogo juu ya bomba la brasi hapo hapo yadini. Likawa jeupe, na baadaye nilipoligonga lilivunjika kama biskuti. Halikuwa limegeuka fedha, lilikuwa limeharibika. Nilijua hayo nikiwa nimesimama hapo na tupa mkononi. Nilijua pia kwamba sarafu yangu, iliyodumu miaka mingi kuliko babu wa babu yangu, imeharibiwa kwa dakika moja na mtu ambaye hata hakuisoma mgongo. Nilikasirikia sarafu. Shingo ya mtoto haikunijia akilini. Nalisema hilo wazi, maana nimewaita wengine wajinga.

Baada ya miezi miwili hivi dada alipiga simu. Mtoto, aliyekuwa amefika miezi tisa, halali. Anatoka mate mfululizo. Fizi zimevimba na ana vidonda mdomoni. "Wanasema ni meno," akasema. "Njoo umwone." Nilimuuliza kama bado amevaa ile sarafu. "Haivuliwi," akajibu. "Hata akioga."

Niliomba ruhusa ya siku mbili nikaenda.

Ukiwa kaka wa mke, ukifika nyumbani kwa wakwe wa dada yako, wewe ni mgeni wa heshima na mtu asiye na mdomo, vyote pamoja. Unaletewa kiti cha mgongo. Kuku anakimbizwa kwa ajili yako. Huinui sauti, hukosoi, hukatai chakula, maana lolote utakalosema ni ukoo wako mzima umesema. Kwa mtu kama mimi desturi hiyo ni mto wa kulalia. Nilikaa kwenye kiti changu nikaona kila kitu.

Mtoto alikuwa mapajani kwa mama mkwe wa dada. Sarafu ilining'inia kwa uzi mweusi, lakini haikuwa kifuani, ilikuwa mdomoni. Aliinyonya kama peremende. Ilipoteleza nje niliiona vizuri. Ukingoni ilikuwa bado nyeupe. Katikati, pale ulimi ulipokuwa ukipita, weupe ulikuwa umekwisha na brasi ya manjano imerudi. Nikajiuliza ule weupe umeenda wapi, na hakukuwa na mahali pengine pa kwenda.

Huyo mama ni Msabato kamili. Jumamosi hapashwi hata maji. Lakini uganga, ukija na maandishi ya kigeni, hauhesabiki kuwa uganga.

"Tangu avae hii, homa haijamgusa," akaniambia kwa fahari.

"Lakini halali, Mama," dada akasema taratibu.

"Halali kwa sababu ina nguvu. Redio yenye betri mpya si inapiga kelele?"

Jirani mmoja akaingia na mchele kwenye ungo. Kumbe ilikuwa kawaida. Watu walikuwa wakija kuijaribu sarafu. Mtoto aliinamishwa juu ya ungo kama birika, sarafu ikaning'inia juu ya mchele, mate yakadondoka. "Zimesogea!" akasema jirani. Zilikuwa zimelowa.

Niliomba karatasi. Dada akanichania ukurasa kwenye daftari la mtoto wa jirani, na nikaandika nimeipa nyumba mgongo. Nilichukua muda mrefu, mpaka kuku akapoa. Niliandika hivi: *Dada, hiyo nyeupe si fedha, ni zebaki. Ni sumu, mtoto anaila. Itoe sasa hivi na umpeleke hospitali.*

Alisoma kimya. Uso wake ulibadilika, na mama mkwe akauona.

"Soma tusikie. Hapa hatuna siri za karatasi."

Dada akasoma kwa sauti. Jirani akacheka kwanza, halafu shemeji, ambaye alikuwa amerudi kutoka mashimoni siku hiyo. Akanyoosha viganja vyake viwili mbele ya uso wangu. "Shem, miaka sita nashika hii kitu na mkono mtupu. Nimekufa? Nipige, uone kama nimekufa."

Jibu zuri lilikuwepo: mtu hanyonyi kiganja chake mchana kutwa. Nililipata siku tatu baadaye, nikiwa Migori nakwaruza bomba.

"Kijana amesoma sana," mama mkwe akasema. "Darasa gani tena?"

Wakacheka zaidi. Na ni hapo, kwa hasira, nilipofungua mdomo nikasema jambo la kijinga kuliko yote yaliyosemwa siku hiyo.

"Hiyo sarafu ilitoka kaburini."

Hakuna aliyecheka tena.

"Kaburi la nani?" mama mkwe akauliza.

"La Mchina. Walikuwa wanazikwa nazo."

Nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba huko zamani sarafu nyingine zilizikwa na maiti. Kuhusu hii yangu sikujua lolote. Lakini mama mkwe alikwishaukata ule uzi kwa kucha kabla sijameza mate. Alitupa sarafu mbali, ikaangukia kwenye ungo, na jirani akaruka akamwaga ungo mzima kana kwamba nyoka ameingia. Kuku wakaukimbilia mchele. "Mchele wangu, jamani!" akalia, lakini hakurudi kuuokota. Niliifunika sarafu kwa kipande cha nailoni nikaiweka mfukoni. Nilijisikia mshindi kwa muda mfupi sana.

"Mtoto ameguswa na maiti," mama mkwe akasema. "Hatoki hapa mpaka apewe manyasi."

Manyasi ni dawa ya mizizi ya kuondoa mkosi. Mwanamke anayeijua kuichanganya alikuwa ameenda matanga, angerudi siku ya tatu. Mpaka hapo mama na mtoto wasivuke lango, wasije wakasambaza uchafu wa kifo. Hospitali haikuwa mbali, mwendo mfupi wa pikipiki, na mimi mwenyewe ndiye niliyeufunga mlango.

Nikasimama. "Mama, nimedanganya. Sijui kama ilitoka kaburini. Niliipata kwenye ndoo ya mabomba. Zebaki ndiyo ya kweli. Mtoto aende hospitali."

Aliniangalia kwa upole wa kutisha. "Sasa umeogopa kwa sababu umetuambia ukweli. Kaa chini, mwanangu, ule."

Hivyo ndivyo walivyo. Uongo wangu waliumeza kwa pumzi moja. Ukweli niliwapa mara mbili, kwa karatasi na kwa mdomo, na hakuna aliyeutaka.

Ni dada aliyeinuka. Hakubishana. Alimchukua mtoto, akamfunga mgongoni kwa leso, akakunja ile karatasi yangu akaiweka kifuani.

"Unaenda wapi?"

"Hospitali."

"Ukivuka lango na mkosi huo, utarudi nao hapa."

"Nitarudi nao, Mama," dada akasema. "Nitarudi na mtoto pia."

Nilimfuata. Langoni shemeji alitufikia, bila kicheko safari hii, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Shem, ni kweli hiyo kitu inaua mtoto?"

"Sijui," nikasema. "Mimi nimefika darasa la nane."

Akaenda kuazima pikipiki ya jirani.

Daktari alikuwa msichana mdogo, labda ananizidi miaka michache. Aliangalia fizi za mtoto, akauliza amekuwa akinyonya nini. Dada akampa karatasi. Alipoisoma aliniangalia, akaomba sarafu, akaitia kwenye mfuko wa pili juu ya ule wa nailoni bila kuigusa kwa mkono. Akawa hana mzaha tena. Aliuliza ni muda gani, kama dhahabu yenye zebaki inachomwa ndani ya nyumba, kama baba anaingia kitandani na nguo za kazi. Shemeji alijibu yote akiangalia sakafu. Tukaandikiwa barua ya kwenda hospitali kubwa ya Homa Bay siku hiyo hiyo, damu ikachukuliwa, na dada alikaa huko na mtoto karibu wiki mbili.

Vidonda vimepona. Analala. Majuzi alisimama akishikilia kiti, akaanguka, akakasirikia kiti. Wametuambia tumrudishe kupimwa mara kwa mara, hawakutuahidi zaidi ya hapo, na mimi siwezi kuandika zaidi ya waliyosema.

Na huko Magunga? Yule mwanamke wa mizizi alirudi kutoka matanga, akanyunyizia boma lote mtoto akiwa hayupo, na mpaka leo mama mkwe anasema manyasi ndiyo yaliyomponya, yalimfuata mpaka Homa Bay. Sikubisha. Nilikuwa nakula.

Jambo linaloninyima raha ni lingine. Ule uongo wangu umesafiri kuliko mimi. Sasa upande wote huu watu wanasema koini za tundu la mraba ni mali ya maiti. Wanazileta yadini wamezishika kwa jani la ndizi, hawataki malipo, wananitupia na kurudi nyuma. Sasa ninazo ishirini na tatu. Ningefurahi, kama si hili: wiki iliyopita mchimbaji mmoja alinieleza, kwa sauti ya mtu anayegawa siri, kwamba umaiti unaweza kutolewa. Unaisugua koini na zebaki. Ikiwa nyeupe, imesafika, unaweza kumvalisha mtoto.

Nilimwambia ni sumu. Nilisema kwa sauti, watu wakiwepo. Akatabasamu akaniuliza kwa nini basi mimi ninazo nyingi hivyo.

Kwa hiyo nawaomba mnaosoma haya. Ukiona mtoto amevaa sarafu nyeupe inayong'aa, yenye tundu la mraba, iondoe kwanza, mjadala baadaye. Halafu niandikieni. Hata anayetaka kunitukana kwa kuzikusanya aandike. Lakini zaidi nataka kusikia kutoka kwa yule aliyewahi kuwaambia wakwe zake ukweli wa namna hii wakamwelewa. Anieleze alitumia maneno gani, maana huyo mchimbaji ana mtoto wa miezi mitano, na yangu yote nimeshayamaliza.